Toki Ililia Sawa, Nati Ikakazwa Kupita Kiasi

Simu ya dereva iliingia mchana, mwezi wa nane, msimu ambao gereji za Arusha hazina Jumapili. Alikuwa kwenye kilima cha Mto wa Mbu, pale barabara inapoanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa na Ziwa Manyara linabaki chini mkono wa kushoto. Alikuwa na wageni sita.

"Fundi, gari linanuka dizeli. Halafu injini imeanza kumisi."

Nilimwambia azime, ateremshe wageni, na asiingize mkono kutafuta panapovuja. Dizeli inayotoka kwenye bomba la nozeli, kile kifaa kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini, ina presha ya kupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo kuliko lilivyo. "Chukua kadibodi, isogeze karibu na bomba, umwambie tanboi apige starta mara moja. Palipo na tatizo patalowa." Baada ya dakika tano akapiga tena. Kadibodi imelowa kwenye bomba la silinda ya tatu, upande wa nozeli.

Nikanyamaza. Siku nne kabla yake, bomba hilo nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe.

Gari lilikuwa Land Cruiser iliyorefushwa kwa ajili ya utalii, injini 1HZ. Wanaoijua injini hii hawahitaji kuelezwa: lita 4.2, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, pampu ya dizeli ya kawaida, hakuna kompyuta ya kukusumbua. Kutoka kwenye pampu yanatoka mabomba sita ya chuma, kila moja linakwenda kwenye nozeli yake. Kila bomba lina nati mbili, huku na huku, kwa hiyo nati kumi na mbili. Nozeli zilikuwa zimetolewa kupelekwa kupimwa, zikarudi, nikazifunga. Na nati zote kumi na mbili nilizikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, moja baada ya nyingine, kila moja mpaka ilie.

Ilikuwa ndiyo kwanza gereji yetu inunue toki nzuri. Kabla ya hapo tulikuwa na ile ya zamani ya mshale, imeandikwa kwa kilogramu-mita, tena mshale wenyewe ulikuwa umepinda kidogo tukawa tunaunyoosha kwa mkono. Hii mpya ilikuwa ya kulia: unaipanga namba kwenye mpini, unakaza, ikifika inapiga "tak" na unaisikia mkononi kabla ya sikioni. Niliipenda sana. Niliona nimetoka kwenye kubahatisha.

Ila nati ya bomba la nozeli huwezi kuikaza kwa boksi, ile spana ya kikombe inayoivaa nati kwa juu. Bomba linapita katikati ya nati na kutokea juu yake, sasa boksi utaivishaje? Lazima uingie kwa ubavu, kwa spana flati namba 17, ile yenye mdomo wazi. Na toki haina mdomo wa flati; ina ule mraba wa kuvalia boksi basi. Kwa hiyo unahitaji adapta: kichwa cha spana flati upande mmoja, tundu la mraba upande wa pili. Zipo za dukani, fupi na nzuri. Sisi hatukuwa nayo. Mchomeleaji wetu alichukua flati 17 iliyochoka, akaikata, akaichomelea kipande chenye tundu la mraba. Kazi safi, haikupinda wala haikupasuka. Kutoka katikati ya mdomo mpaka katikati ya tundu ilikuwa sentimita 15. Urefu huo hakuna aliyeupima siku ile. Tuliangalia tu kama inaingia.

Nikapanga toki kwenye 25, nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), namba tuliyokuwa tunaitumia kwa nati zile. Nikavalisha adapta ikiwa imenyooka na spana, maana ndivyo ilivyonipa nafasi ya kuvuta. Tak. Tak. Tak. Mara kumi na mbili.

Nilifika Mto wa Mbu jua likielekea kuzama, nimebeba bomba la ziada. Wageni walikuwa wameshachukuliwa na gari jingine lililotoka Karatu. Dereva alikuwa amekaa chini ya mti, hakunilaumu kwa neno hata moja, na hiyo ilikuwa nzito kuliko kulaumiwa. Bomba lilikuwa limepata ufa mwembamba, nyuma tu ya ile koni inayokaa ndani ya nati. Jambo la kwanza nililotazama ni vishikio, vile vibano vidogo vinavyoshika mabomba pamoja ili yasitetemeke. Bomba la 1HZ likipasuka, mara nyingi kuna mtu amerudisha mabomba akaacha kibano kimoja kwenye kopo la bolti. Vibano vyote vilikuwepo. Nilifunga bomba jipya kwa mkono, nikatoa hewa, tukarudi Arusha usiku.

Asubuhi yake nikafungua mabomba mengine matano, nikayapanga juu ya gazeti.

Koni ya bomba zima ina alama ya pete nyembamba pale ilipogusana na kikalio chake. Chuma kwa chuma, hakuna gasketi wala washa. Ile pete ndogo peke yake ndiyo inayozuia dizeli. Za kwangu zilikuwa na mikanda mipana, imezama, na kwenye mbili kati ya hizo tundu lenyewe la bomba lilikuwa limeanza kubanwa kwenye ncha. Zilikuwa zimekazwa kwa nguvu kubwa mno. Nilichukua toki nikaitazama kama mtu anayetazama ndugu aliyemdanganya. Nikaamini ni mbovu. Bosi naye akaamini hivyo, akataka irudishwe dukani.

Haikurudi, kwa sababu ya mzee mmoja. Zamani alikuwa mwalimu wa ufundi magari, alishastaafu, na alikuwa na kawaida ya kupita gereji kwetu siku za Jumamosi kuagiza vifaa vya gari lake. Nilimwamkia, nikamweleza, nikampa toki aione.

"Marahaba, kijana wangu. Na ulikazia na nini?"

Nikamwonyesha adapta. Aliishika, akaipima kwa shibiri, akaniuliza kama tuna ndoo.

Aliyofanya asubuhi ile ndiyo yaliyonifundisha zaidi ya miaka yangu yote ya kushika spana, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Tulikuwa na shafti fupi ambayo ncha zake mbili zilikuwa na vichwa vya nati. Tukaipitisha kwenye tundu la kipande cha bamba kilichofungwa kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, izunguke bila kuchomoka. Upande mmoja akavalisha ile toki ya zamani ya mshale, mpini wake akaufunga kwa waya kwenye mguu wa meza usiende popote. Upande wa pili akavalisha toki mpya, moja kwa moja kwa boksi, imelala usawa wa sakafu, imepangwa 25. Halafu akaning'iniza ndoo ndogo katikati ya mpini, sentimita 30 kutoka katikati ya mraba. Ndoo tupu ilikuwa nusu kilo.

"Mimina maji. Lita moja moja."

Nikamimina. Ilipokaribia lita ya nane, tak. Mzee akapiga hesabu kwa chaki sakafuni: kilo nane na nusu ni kama nyutoni 83, zidisha kwa mita 0.3, unapata 25. Maji yalipungua kidogo kwa sababu spana nayo ina uzito wake. Akanionyesha mshale wa ile toki ya zamani: ulikuwa umesimama juu kidogo ya mbili na nusu, kilogramu-mita, ambazo ndizo hizo hizo 25 kwa kipimo kingine. Toki yetu mpya ilikuwa nzima kabisa.

Tukamwaga maji. Akavalisha adapta, imenyooka mbele ya spana, kama nilivyofanya mimi kwenye gari. Ndoo palepale kwenye mpini. "Mimina."

Nilidhani italia mapema. Haikulia mapema. Ililia kwenye maji yaleyale, karibu lita nane. Nikamtazama mzee, yeye akanyoosha kidole kwenye mshale. Ulikuwa karibu na tatu nukta nane.

Hapo ndipo nilipoelewa. Toki husikia kinachotokea kwenye kichwa chake yenyewe, pale kwenye mraba, na haijui kama mbele yake kuna kitu. Kwake, ndoo ilikuwa bado sentimita 30 kutoka kichwani, kwa hiyo ikalia palepale. Ila kwa nati, ndoo ilikuwa sasa sentimita 45 kutoka katikati yake, mkono umerefuka kwa nusu, na nguvu ya kuzungusha nayo imeongezeka kwa nusu. Nilipoomba 25, nati ilikuwa inapokea 37 na nusu. Mara kumi na mbili.

Mzee hakuishia hapo. Akageuza adapta ikawa pembe mraba na spana, kama herufi L. Tukamimina tena, ikalia, mshale ukarudi mbili na nusu. Akaigeuza nyuma kabisa, ikaelekea kwenye mpini, hapo ikalia mshale ukiwa kwenye moja na kidogo, nusu tu ya tunachotaka. Adapta ileile, toki ileile, maji yaleyale. Kilichobadilika ni adapta ilikoelekea.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Chukua nguvu unayoitaka kwenye nati, zidisha kwa urefu wa toki, gawa kwa urefu wa toki ukijumlisha adapta. Kwa ile ya kwetu: 25 mara 30, gawa kwa 45, inatoka 16.7. Hiyo ndiyo namba niliyotakiwa kuipanga adapta ikiwa imenyooka. Urefu wa toki unapimwa kutoka katikati ya mraba mpaka katikati ya mpini, pale kiganja kinapokaa, na wa adapta kutoka katikati ya tundu la mraba mpaka katikati ya mdomo. Usipime mwisho hadi mwisho.

Ikiwa pembe mraba, unaacha namba ilivyo. Wengine huchora mstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye mpini wakasema mbona bado umerefuka kidogo. Ni kweli umerefuka, lakini unavuta spana kwa pembe mraba na spana yenyewe, huvuti kwa pembe mraba na mstari huo, kwa hiyo urefu unaohesabika ni ule unaolala sambamba na spana peke yake. Mimi nilibishana na jambo hili wiki nzima mpaka niliporudia ndoo mwenyewe jioni. Na adapta ikiwa katikati ya kunyooka na pembe mraba, kama nyuzi 45 hivi, sentimita 15 zinahesabika kama 10 na nusu. Mimi sipendi kufanya kazi kwenye pembe za kukadiria. Kama naweza kuiweka L, naiweka L. Kama haiingii, kwa sababu kwenye 1HZ nozeli zile za nyuma karibu na ukuta wa kibanda cha dereva hazikupi nafasi hiyo, naweka imenyooka sawasawa na napiga hesabu.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho mafundi wengi hawakitilii maanani, nacho ni mahali pa kushika. Toki ikiwa na boksi tu, ukisogeza mkono mbele au nyuma kidogo, haikudanganyi sana. Utavuta kwa nguvu zaidi au kidogo, lakini italia kwenye nguvu ileile ya kuzungusha. Ukishaweka adapta mambo yanabadilika. Ile 30 ya kwenye hesabu ni mkono wako. Ukishika karibu na kichwa, ile 30 imekuwa 20, na adapta ya 15 sasa inaongeza robo tatu. Kwa hiyo nimechora mstari mweupe kwenye mpini, na kidole cha kati kinakaa hapo. Mkono mmoja. Hakuna kuongeza bomba la kuvutia, hakuna mkono wa pili kusukuma kichwa.

Ekstensheni, ile fimbo inayosimama wima juu ya nati, haina hesabu hiyo, maana haipeleki mkono mbali na mhimili wa nati. Nasema hili kwa sababu baada ya tukio langu kijana mmoja pale gereji alianza kupunguza namba hata akitumia ekstensheni kwenye bolti za silinda hedi, na huko kukaza kidogo ni hatari vilevile.

Jumatatu nilirudi kwenye kitabu cha injini, kile kilichokuwa kabatini kimejaa alama za vidole. Nilitaka kuona kama kinasema lolote. Kwenye vitabu vya Toyota, nati za mabomba ya aina hii, hata yale ya breki, mara nyingi zina namba mbili: moja ya kawaida, na moja ndogo zaidi kwa anayetumia kichwa maalumu cha kuingilia kwa ubavu. Chini yake kuna maneno madogo: tumia toki yenye urefu wa sentimita 30, na namba hii ni sahihi kifaa kikiwa sambamba na spana. Walioandika kitabu walishanimalizia hesabu tangu zamani. Mimi nilikuwa nasoma namba kubwa, nafunga kitabu. Nilikaa na kurasa hizo muda mrefu, nikiwafikiria wale wageni sita na dereva aliyewapeleka mlimani kwa kuniamini.

Kwenye kitabu hichohicho niliona hatari nyingine ambayo nilikuwa naichezea bila kujua: vipimo. Namba ileile imeandikwa kwa nyutoni-mita, kwa kilogramu-sentimita na kwa futi-paundi. Toki yetu ina mistari miwili kwenye mpini, na mwanga ukiwa mdogo ni rahisi kusoma upande usio wake. Ishirini na tano ya futi-paundi ni karibu 34 ya nyutoni-mita. Changanya hilo na adapta ndefu iliyonyooka, unazidi hamsini kwenye nati ya bomba dogo la chuma.

Wapo mafundi wakubwa, ninaowaheshimu, wanaosema mkono wao ndio toki. Nimewaona wakifunga mabomba ya nozeli kwa flati fupi na hayavuji miaka. Siwapingi, spana fupi ya 17 yenyewe inamzuia mtu kukaza sana, na mkono uliozoea miaka thelathini unajua. Lakini mkono huo huwezi kumpa mwanafunzi, na saa moja usiku baada ya gari la tano, hata wenyewe si ule wa asubuhi. Kilichoniponza mimi ni kushika kifaa kinachopima na kuacha kufikiri kwa sababu kinapima. Kwa flati ya mkono ningesikia nati inakaza kupita kawaida. Nilisikia hata siku ile, nakumbuka vizuri, kwenye nati ya pili au ya tatu: mkono uliniambia imeshatosha, toki ilikuwa bado haijalia, nikaiamini toki.

Sasa hivi mkono ukiniambia imetosha na toki haijalia, naacha. Natoa spana, natazama adapta imeelekea wapi, natazama namba, natazama kama nyuzi za nati zina mafuta au uchafu. Nyuzi zenye mafuta zinateleza, na kwa namba ileile nati inabana zaidi kuliko zikiwa kavu, kwa hiyo nafuata kitabu kinavyosema na sipaki kitu kwa mazoea. Toki situmii kulegezea. Jioni naishusha mpaka namba ya chini kabisa kabla ya kuirudisha kwenye boksi lake.

Ile adapta ndefu tuliikata. Mchomeleaji akaifupisha mpaka sentimita 5, na kwa rangi nyeupe akaandika ubavuni "5". Ukutani juu ya meza kuna kipande cha bamba chenye hesabu zilizoshapigwa: bomba la nozeli, 25, panga 21.4 ikiwa imenyooka, 25 ikiwa L. Bomba la breki, 15, panga 12.9 ikiwa imenyooka, 15 ikiwa L. Urefu wa toki, 30. Adapta tofauti, hesabu tofauti. Kwa hiyo adapta ya gereji nyingine haiingii kwenye kazi zetu bila kupimwa kwanza kwa rula.

Gari lile lilipata mabomba sita mapya, na nilichangia bei yake kwa hiari yangu. Mwishoni mwa mwezi wa tisa dereva yuleyule alilirudisha kwa ajili ya oili na chujio. Halikuwa na shida yoyote, lakini nilimwomba nusu saa. Nikafungua bomba la silinda ya tatu, nikapangusa koni kwa kitambaa safi, tukatoka nalo nje kwenye jua. Alama ilikuwa pete moja nyembamba, inang'aa, imezunguka pande zote bila kukatika, upana wake kama uzi wa kushonea. Dereva aliitazama, akaniuliza ndiyo inavyotakiwa kuwa. Nikamwambia ndiyo. Nikalirudisha bomba mahali pake, nikaweka adapta kwa L, nikashika penye mstari mweupe.